Namba ya Unguja, Barabara ya Ugenini: Bima na Tairi Gari Linapovuka Mpaka

Gari lenye namba ya Zanzibar linapopandishwa melini katika Bandari ya Malindi na kushushwa Dar es Salaam saa chache baadaye, hubaki na mwenyewe yuleyule, dereva yuleyule na leseni ileile, lakini sheria ya barabarani inayolitawala huwa imekwishabadilika katikati ya mkondo. Chombo cha moto hufuata sheria ya ardhi ambayo magurudumu yake yanaikanyaga, wala hakibebi sheria ya mahali kilipoandikishwa. Na kanuni hii, ingawa ni kongwe na inakubalika duniani kote, husahauliwa kwa urahisi na wenye magari wa Unguja, wale waliobaki kisiwani pamoja na jamaa zao waliotawanyika Mombasa, Maskati, London na Malmö. Mambo mawili ndiyo yanayoifichua kanuni hiyo kwa ukali zaidi, nayo ni bima na tairi, kwa kuwa karatasi iliyo halali Mwanakwerekwe inaweza kukosa thamani Lungalunga nchini Kenya, na tairi lililo zima kabisa katika barabara ya Bububu linaweza kuwa kosa la kutozwa faini katika barabara ya Munich mwezi wa Januari.

Mfano wa kwanza hauhitaji hata pasipoti. Tangu Muungano wa 26 Aprili 1964, Jeshi la Polisi limekuwa chombo kimoja kwa nchi nzima, kwa sababu polisi ni jambo la Muungano, lakini sheria za barabara hazikuunganishwa: Tanzania Bara inatumia Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, na Zanzibar inatumia Sheria ya Usafiri Barabarani ya mwaka 2003, iliyotungwa na Baraza la Wawakilishi. Matokeo yake ni kwamba askari wa jeshi moja, wenye sare moja, husimamia sheria mbili, na kila upande una namba zake za magari, za Zanzibar zikianza kwa herufi Z na za Bara kwa herufi T, huku magari ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar yakitambulika kwa herufi SMZ. Gari linalovuka ili likae au liuzwe upande wa pili hukutana na taratibu za kodi na usajili za upande huo, na ndiyo maana suala la usajili wa vyombo vya moto limo katika orodha ya mambo ambayo serikali mbili zimekuwa zikiyajadili kwa miaka mingi chini ya jina la changamoto za Muungano. Ikiwa hali ni hiyo ndani ya jamhuri moja, msafiri hana sababu ya kutarajia wepesi zaidi anapotoka nje yake.

Kabla ya kwenda mbali ni vyema maana ya bima ya gari iwekwe sawa, kwa sababu majina yanayotumika mitaani, bima ndogo na bima kubwa, huwafanya wengi wadhani kuwa tofauti iliyopo ni ya bei tu. Mkataba wa bima una pande mbili, mwenye gari na kampuni, na yeyote mwingine anayeweza kudhurika na gari hilo, awe mpita njia wa Darajani, mwendesha baiskeli wa Jambiani au mwenye gari lililogongwa, huitwa mtu wa tatu. Bima ndogo humlinda huyo mtu wa tatu peke yake: kampuni hulipa madhara ambayo gari limemsababishia, na gari lenyewe likivunjika hiyo ni hasara ya mwenyewe. Bima kubwa huongeza ulinzi wa gari lenyewe dhidi ya ajali, moto na wizi. Uingereza iliifanya bima ya mtu wa tatu kuwa lazima kwa sheria ya mwaka 1930, na wazo hilo likaenea katika nchi zilizokuwa chini yake, Zanzibar ikiwemo, kwa hoja kwamba maskini aliyegongwa asikose fidia kwa sababu aliyemgonga naye ni maskini. Hoja hiyo ni ya haki na bado ni hai, na kila linalofuata katika makala haya linatokana nayo, kwa kuwa nchi yoyote inayoruhusu gari la kigeni kuingia huanza kwa kujiuliza nani atamlipa mwananchi wake likimgonga na kisha kurudi kwao.

Afrika Mashariki na Kusini ilijibu swali hilo kwa kadi ya njano. Nchi za lililokuwa Eneo la Biashara la Upendeleo, ambalo baadaye lilizaa COMESA, yaani Soko la Pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika, zilitia saini itifaki ya bima hiyo mjini Addis Ababa mwezi wa Desemba 1986, na mpango ukaanza kazi mwaka 1987. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000 lakini ikabaki ndani ya mpango wa kadi ya njano, uamuzi wa busara ambao hausifiwi inavyostahili, kwa sababu bila huo kila lori linalotoka Dar es Salaam kwenda Lusaka au Kigali, na kila familia ya Unguja inayokwenda harusini Mombasa kwa gari lake, ingelazimika kununua bima mpya katika kila mpaka. Kadi hiyo hutolewa na kampuni ya bima ya nyumbani kama nyongeza ya bima ambayo gari linayo tayari, kwa malipo ya ziada na kwa muda maalumu, nayo huandikwa nchi ambazo inatumika. Mwenye gari wa Unguja aliyekata bima katika Shirika la Bima la Zanzibar, lililoanzishwa mwaka 1969, au katika kampuni nyingine yoyote yenye leseni ya Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania (TIRA), anapaswa kuiulizia kadi hiyo kabla ya kufika bandarini. Mawakala wapo mipakani pia, lakini mtu aliyechoka kwa safari, mwenye watoto ndani ya gari na foleni nyuma yake, hana nafasi ya kusoma masharti ya mkataba.

Namna kadi inavyofanya kazi inastahili kuelezwa kwa utulivu, kwa sababu hapo ndipo kanuni ya sheria ya ardhi inapoonekana wazi. Kila nchi mwanachama ina ofisi ya taifa ya mpango huo, na gari lenye namba ya Zanzibar likimgonga mtu karibu na Ukunda, katika kaunti ya Kwale, ofisi ya Kenya ndiyo inayoshughulikia madai kana kwamba gari lilikatiwa bima Kenya, kisha hurudishiwa fedha na upande wa Tanzania. Fidia hupimwa kwa sheria ya Kenya, ambayo imeweka ukomo wa shilingi za Kenya 3,000,000 kwa mtu mmoja katika bima ya mtu wa tatu, wala sheria ya Zanzibar haina la kusema hapo. Kadi hubeba pia gharama za matibabu ya dereva na abiria wake walioumia. Haibebi gari lenyewe. Mwenye bima kubwa aliyevuka mpaka wa Horohoro akiwa na kadi ya njano tu, na gari lake likaanguka upande wa pili, anaweza kukuta kwamba majeruhi wote wamelipwa na yeye amebaki na chuma chakavu, kwa sababu mkataba wa bima kubwa huandikwa eneo la matumizi, na mara nyingi eneo hilo ni Tanzania peke yake mpaka mwenye gari aombe lipanuliwe. Mstari huo mmoja wa mkataba ndio ambao msafiri hapaswi kuuacha bila kuusoma.

Msafiri wa bara zima huongeza mazingatio mengine. Kenya, Uganda na Tanzania Bara huendesha kushoto kama Zanzibar, lakini Rwanda, Burundi na Kongo huendesha kulia, na taa za gari lenye usukani wa kulia, zilizotengenezwa ili zimulike ukingo wa kushoto, humpiga machoni dereva anayekuja mbele mara tu gari linapohamia upande wa pili wa barabara. Lipo pia jambo dogo ambalo kwa mtu wa Unguja ni la heshima zaidi kuliko la kanuni. Katika orodha ya kimataifa ya alama zinazoonyesha nchi ya gari, orodha inayotunzwa chini ya Umoja wa Mataifa, Tanzania ina alama mbili, EAT kwa Tanganyika na EAZ kwa Zanzibar, kama Kenya ilivyo na EAK na Uganda EAU, herufi mbili za mwanzo zikisimama kwa Afrika Mashariki. Uingereza yenyewe ilibadilisha alama yake kutoka GB kuwa UK mwezi wa Septemba 2021, lakini EAZ imebaki palepale, ingawa ni nadra kuiona imebandikwa nyuma ya gari.

Upande wa Ghuba, ambako maelfu ya familia zenye asili ya Unguja na Pemba zimeweka makazi tangu baada ya Mapinduzi ya 1964, na hasa baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka Omani mwaka 1970, kadi hubadilika rangi ikawa ya chungwa. Msingi wake ni mkataba wa nchi za Kiarabu uliotiwa saini Tunis mwaka 1975, na dereva anayetoka Dubai kwenda Maskati kuwazuru jamaa huiona kazi yake mpakani. Sheria ya tairi huko ilizaliwa na jua. Joto kali huukausha mpira na kuupasua hata kama gari halitembei, kwa hiyo Imarati wameweka ukomo wa umri: tairi lililopita miaka mitano tangu kutengenezwa halikubaliki, na anayekamatwa na matairi yaliyoisha muda hutozwa dirhamu 500, huandikiwa pointi nne, na gari lake huzuiwa kwa siku saba. Mtu aliyezoea kupima tairi kwa macho, akiona meno bado marefu akaridhika, huko hukuta anapimwa kwa tarehe.

Ulaya, kadi ni ya kijani, nayo ndiyo mama wa nyingine zote. Mpango huo ulipendekezwa chini ya Umoja wa Mataifa mwaka 1949 na ukaanza kazi mwaka 1953, na leo unaunganisha nchi zaidi ya 40 kupitia baraza la ofisi za bima lenye makao yake Brussels. Magari yenye namba ya Zanzibar hayaonekani huko, lakini Wazanzibari wanaonekana, na gari la Mzanzibari wa London lenye namba ya Uingereza ni gari la kigeni mara tu linapotoka kwenye njia ya reli ya chini ya bahari na kukanyaga Ufaransa. Tangu 2 Agosti 2021 gari la Uingereza halihitaji tena kadi ya kijani ndani ya Umoja wa Ulaya, jambo lililowapa wengi utulivu usio kamili, kwa kuwa kinachohakikishwa ni ulinzi wa mtu wa tatu tu. Bima kubwa ya Uingereza inaweza kushuka ikawa bima ndogo ng'ambo ya bahari isipokuwa kampuni imekubali kwa maandishi kuipeleka yote. Habari ya Horohoro inajirudia, safari hii katika baridi.

Baridi hiyo ndiyo iliyozaa sheria ambazo mtu aliyekulia Unguja hana pa kuzilinganisha, yaani sheria za matairi ya theluji. Mpira wa tairi la kawaida huanza kuwa mgumu joto la hewa linaposhuka kufikia nyuzi 7 hivi, na ukiwa mgumu hauishiki barabara vizuri hata kama hakuna barafu. Tairi la theluji hutengenezwa kwa mchanganyiko unaobaki laini katika baridi, na meno yake hukatwa mikato myembamba mingi ambayo hufumbuka na kuuma theluji. Alama yake rasmi ni mchoro wa mlima wenye vilele vitatu uliozunguka chembe ya theluji, unaowekwa ubavuni mwa tairi lililofaulu majaribio. Ipo alama ya zamani zaidi, M+S, inayomaanisha tope na theluji, lakini hiyo mtengenezaji aliweza kujiwekea bila jaribio lolote la lazima, na kwa sababu hiyo Ujerumani iliacha kuitambua: tangu 1 Oktoba 2024 ni alama ya mlima peke yake inayohesabika kuwa tairi la theluji nchini humo.

Sheria ya Ujerumani, iliyonyooshwa mwishoni mwa 2010, haitaji tarehe. Inasema kwamba pakiwa na barafu, theluji, theluji iliyoyeyuka au umande ulioganda, gari lisilo na matairi hayo lisiendeshwe, na haibagui namba ya gari. Dereva hutozwa yuro 60 na pointi moja, yuro 80 akizuia wengine, na kiasi huongezeka akihatarisha watu au akisababisha ajali, huku mwenye gari aliyeruhusu safari hiyo naye akitozwa yuro 75. Kwa jamaa wa Unguja aliyekwenda Hamburg kumtembelea nduguye na akaazimwa gari asubuhi ya theluji, maana yake ni kwamba ukarimu huo unaweza kuwaadhibu wote wawili. Austria imeweka tarehe pamoja na hali ya hewa, kuanzia 1 Novemba hadi 15 Aprili barabara zikiwa na hali ya baridi kali, na meno ya tairi yasipungue milimita 4. Finland inadai kina cha milimita 3 kuanzia 1 Novemba hadi mwisho wa Machi hali ya hewa inapolazimisha. Ufaransa, tangu Novemba 2021, inadai matairi hayo au minyororo katika maeneo yake ya milimani.

Mfano ulio wazi kuliko yote upo kwenye Daraja la Øresund, lililofunguliwa mwaka 2000 kati ya Copenhagen na Malmö. Upande wa Denmark hakuna sheria inayolazimisha matairi ya theluji. Upande wa Sweden yanalazimishwa kuanzia 1 Desemba hadi 31 Machi pakiwa na hali ya theluji au barafu barabarani, kwa kina kisichopungua milimita 3, na magari yenye namba za kigeni yanabanwa vilevile. Mkaazi wa Copenhagen anayekwenda kusoma maulidi kwa jamaa zake Malmö anaweza kuwa halali kwenye kichwa cha daraja na mkosaji kwenye mkia wake, kama vile gari la Unguja linavyobadilisha sheria kati ya Malindi na Dar es Salaam, isipokuwa huku safari ni ya dakika kumi tu.

Uhusiano wa tairi na bima hujitokeza baada ya ajali. Bima ya mtu wa tatu humlipa aliyedhurika hata kama aliyemgonga alikuwa na matairi yasiyofaa, kwa sababu mtu wa tatu hana kosa na sheria haikubali aadhibiwe kwa uzembe wa mwingine. Bima ya gari lenyewe ni habari nyingine: kampuni inaweza kudai kwamba kuendesha juu ya theluji kwa matairi ya kiangazi ni uzembe mkubwa, yaani uzembe unaopita kusahau kwa kawaida, na ikapunguza malipo. Hata Uswisi, ambako hakuna sheria ya jumla inayolazimisha matairi ya theluji, dereva aliyeshindwa kulimudu gari lake kwa sababu ya tairi hubebeshwa lawama. Ndipo ilipo tofauti kati ya faini na hasara, kwani faini ya yuro 60 husahaulika kabla ya mwezi kuisha, lakini malipo ya gari yaliyokatwa huweza kuiandama familia kwa miaka.

Yote hayo yanaweza kuonekana kuwa mambo ya mbali kwa kisiwa ambacho hata usiku wa kipupwe baridi yake haikaribii nyuzi 7, na katika nchi ambayo theluji yake pekee ipo kileleni mwa Kilimanjaro, mita 5,895 juu ya bahari, pasipofika gari. Ukweli ni kwamba matairi ya theluji yapo Unguja, nayo yaliingia na magari. Sehemu kubwa ya magari ya kisiwani ni mitumba ya Japani, iliyopendwa kwa uimara wake na kwa sababu Wajapani nao huendesha kushoto, na Japani ni nchi ya theluji nyingi kiasi kwamba mikoa yake yote, isipokuwa Okinawa, ina kanuni zinazomlazimu dereva kujikinga na utelezi wa theluji. Okinawa, visiwa vya kusini vyenye joto, ndiyo iliyosamehewa, na kwa tairi Unguja ni nduguye Okinawa.

Wajapani waliachana na matairi yenye misumari baada ya sheria ya mwaka 1990 iliyoyadhibiti, kwa kuwa misumari ile ilikuwa ikisaga lami na kujaza vumbi mijini, na mahali pake pakachukuliwa na matairi laini yasiyo na misumari, ambayo kampuni ya Bridgestone ilikuwa imeanza kuyauza mwaka 1988 kwa jina la Blizzak. Kila mwaka mamilioni ya familia huko hubadilisha matairi mara mbili, na gari linalouzwa katika miezi ya baridi huenda mnadani likiwa na matairi ya msimu huo. Hivyo ndivyo gari lililokuwa likipita katika theluji ya Hokkaido linavyoweza kushushwa Malindi mwezi wa Machi, masika yakinukia, likiwa bado limevaa viatu vya theluji, na kwa mnunuzi asiyejua, meno yake marefu na mpira wake laini huonekana kuwa neema, kwa kuwa jicho limefundishwa kuogopa tairi kipara tu.

Neema hiyo ni ya uongo, na hapa panastahili mkazo kuliko mahali pengine popote katika suala hili, kwa sababu ni jambo la uhai. Mpira uliotengenezwa ubaki laini katika barafu, unapowekwa juu ya lami ya Unguja wakati wa kaskazi, jua likiwa limeipasha lami kupita joto la hewa, hulegea. Meno yenye mikato myembamba hujikunja gari linapofunga breki, na umbali wa kusimama huongezeka, katika lami kavu na zaidi katika lami iliyolowa. Kwenye kona gari huyumba kabla ya kutii usukani. Na tairi lenyewe huisha upesi, kwa hiyo hata hesabu ya fedha haikubali. Mvua ya kwanza ya vuli inaposhuka juu ya barabara yenye mchanga na mafuta, pale ambapo daladala, pikipiki na watoto wa madrasa hugawana ukingo mmoja wa njia, mita chache za ziada za breki ndizo zinazoamua nani atafika nyumbani.

Kulitambua tairi hilo hakuhitaji fundi. Matairi ya theluji ya Japani huandikwa ubavuni neno STUDLESS kwa herufi kubwa za mpira, na mengi huwa na mchoro wa mlima au herufi M+S, ingawa M+S peke yake si ushahidi wa kutosha, kwa kuwa huonekana pia kwenye matairi ya magari makubwa ya shamba yanayofaa msimu wowote. Uso wake umejaa mikato myembamba kama iliyochorwa kwa wembe, na ndani ya mifereji yake kuna vituta vya mpira vinavyofikiwa tairi likiisha nusu, ambavyo Wajapani huvitumia kujua kwamba halifai tena kwa theluji. Umri husomwa katika tarakimu nne za mwisho kwenye mstari unaoanza na herufi DOT, mbili za kwanza zikiwa wiki na mbili za pili mwaka, hivi kwamba 3519 ni tairi lililotengenezwa wiki ya 35 ya mwaka 2019. Imarati wangelikataa tairi hilo mwishoni mwa 2024 bila kulitazama mara ya pili.

Upo pia upande wa mgeni anayekuja Unguja, maana sheria ya ardhi ni ya wote. Tangu 1 Oktoba 2024 mgeni wa nje anayeingia Zanzibar hutakiwa kuwa na bima ya safari inayotolewa kupitia Shirika la Bima la Zanzibar kwa dola 44 za Marekani, nayo hudumu siku 92. Bima hiyo inamhusu mgeni mwenyewe, matibabu yake, mizigo yake na dharura zake, wala haichukui nafasi ya bima ya chombo cha moto, na mgeni anayekodi gari Mji Mkongwe au vespa Nungwi akidhani ameshalipia kila kitu uwanjani anajidanganya katika jambo zito. Anahitaji leseni inayotambulika, kwa wengi ikiambatana na kibali cha muda cha kuendesha kinachotolewa kisiwani, na anahitaji kuona kwa macho yake kwamba chombo anachokabidhiwa kina bima hai na kwamba jina lake linaruhusiwa kukiendesha. Mkaazi wa Paje au Kiwengwa anayegongwa na mgeni ana haki ileile ya kulipwa kama angegongwa na jirani yake, na haki hiyo hutegemea karatasi ambayo mkodishaji alikata au hakukata.

Taasisi ya Viwango Zanzibar inayo dhamana ya ubora wa bidhaa zinazoingia visiwani, na magari ya mitumba hukaguliwa kabla ya kuruhusiwa kutumika. Katika ukaguzi huo kina cha meno ya tairi peke yake hakitoshi. Fomu ya mkaguzi na iongezewe mistari miwili, mmoja wa aina ya tairi na mmoja wa tarehe ya kutengenezwa, na gari lenye matairi ya theluji lisitoke kuingia barabarani kabla ya kuvuliwa, kwa gharama ya muagizaji. Wauzaji wa yadi wasiyauze tena matairi hayo kama mitumba mizuri, na kampuni za bima, ambazo ndizo zinazolipa ajali zikitokea, ziulize swali hilo hilo zinapoandika bima kubwa. Alama zote zinazohitajika zimekwisha kuchongwa ubavuni mwa tairi na kiwanda, na kuzisoma hakuchukui hata dakika moja.